Sufuria ya Daktari wa Vijidudu

Inzi alitumbukia kwenye chai ya Idarusi saa tatu ya asubuhi, siku ya Jumatatu, katika hoteli ya Mwinyijuma pale barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, mjini Tanga. Mwinyijuma mwenyewe alikuja, tumbo mbele na miguu nyuma, akamwopoa inzi kwa kidole, akamkung'utia sakafuni, kidole akakifuta kwenye msuli aliojifunga kiunoni.

"Kunywa, bwana," akasema. "Huyo amekufa kwa utamu."

Mtu mwingine angelitukana. Idarusi hakutukana. Pale wenzake wanapoona uchafu, yeye huona mlango. Watu wa namna hiyo Mungu amewaumba na sisi hatujui kwa nini. Labda kwa sababu ile ile aliyowaumbia inzi.

Idarusi alikuwa mwana wa muuza madafu wa Pangani, na shule aliikimbia kabla haijamfukuza. Lakini alikuwa na ulimi uliopakwa samli, na alikuwa na saa. Saa hiyo ishikeni vizuri, maana kisa chote kimefungwa kwenye mnyororo wake. Ilikuwa saa ya mfukoni, ya dhahabu kweli, yenye kifuniko kinachofunguka kwa mlio, tak! Aliipataje ni jambo lililo kati yake na mzee mmoja abiria aliyepitiwa na usingizi melini, siku zile Idarusi akiwa dobi wa meli. Akiwa nayo kifuani alikuwa bwana: alikaribishwa, alikopeshwa, aliaminiwa na watu wenye akili zao. Bila saa alikuwa Idarusi wa madafu, basi. Ndiyo maana alipata kulala njaa siku nne mfululizo na saa asiiuze. Mkulima hali jembe lake.

Sasa, kupitia mlango wa jikoni, aliona mikono. Bi Semeni, mpishi mkubwa wa pale, alikuwa akikoroga mchuzi, na bangili zilimpanda kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, njano tupu. Kando yake Asmahani, msichana wa chapati, kila akisukuma unga bangili zake zinalia kama matari ya maulidi. Na upande huu Mwinyijuma alikuwa akimlalamikia Haji, mtumishi wa mezani, ati Bwana Afya ameifunga hoteli ya barabara ya nane kwa sababu ya mende mmoja tu kwenye samli. "Mende mmoja, Haji! Hata si wa kike!"

Idarusi akainywa chai yake yote, pamoja na baraka za marehemu, akaondoka akitabasamu.

Siku ya tatu yake alirudi. Safari hii alivaa koti jeupe alilolikodi kwa kinyozi, mkoba mweusi mkononi, saa kifuani imening'inia mnyororo nje nje. Mwinyijuma hakumkumbuka hata chembe. Mwinyijuma hatazami nyuso za wateja. Hutazama mikono yao inapoingia mfukoni.

"Wewe ndiye Mwinyijuma?"

"Ndimi, bwana mkubwa. Wewe... wewe ni Bwana Afya?"

Idarusi alicheka kwa huruma. "Bwana Afya? Bwana Afya ni mwanafunzi wangu. Mimi ni Daktari Idarusi, wa Chuo cha Usafi wa Vyakula vya Mahotelini, Mombasa. Mwinyijuma, funga mlango. Nataka kukwambia jambo, na kuta zisisikie."

Mlango ukafungwa. Saa ikafunguliwa, tak! ikatazamwa, ikafungwa.

"Mwezi ujao mabwana wa mashamba ya mkonge wanakutana hapa mjini. Watu mia mbili, siku tatu. Na wametamani chakula cha Kiswahili. Lakini wanaogopa matumbo yao. Wamesema watakula mahali pamoja tu, pale ambapo kila mtu, mpishi, mtumishi, mpaka tajiri mwenyewe, amesoma usafi wa chakula na ana cheti. Nimepita hoteli tisa. Zote zimenichefua. Hapa kwako..." Akavuta pumzi, akainusa ile harufu ya mchuzi wa juzi. "Hapa pana matumaini."

Enyi wasomaji, miaka ile mkonge ulikuwa juu, na mtu akisikia "mabwana wa mkonge" mate yalimtoka bila kuyaita. Mwinyijuma alimeza yake mara mbili.

"Na ada ya hayo masomo, Daktari?"

"Ada?" Idarusi alijifanya kuudhika. "Ada ya nini? Nitakula hapa kwako tu siku za darsa, basi."

Hapo ndipo bahili aliponaswa. Mtego wenye bei bahili huukimbia. Usio na bei huuingia mwenyewe na kuufunga kwa ndani.

Darsa likaanza siku iliyofuata, uani, baada ya wateja wa asubuhi. Wanafunzi walikuwa wanne: Bi Semeni juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, Asmahani juu ya ndoo, Haji wima, na Mwinyijuma juu ya kiti pekee, mbele kabisa, kama mtoto anayetaka kusifiwa na mwalimu.

"Usafi!" akaanza Idarusi kwa sauti ya hotuba.

"Mwanangu," akadakia Bi Semeni, "huko chuoni kwenu watu hawaamkii wakubwa?"

Idarusi akakohoa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, endelea na usafi wako."

Akaendelea. Akasema chakula kifunikwe. Akasema mtu asipige chafya juu ya sufuria, asijikune kisha akashika maandazi, asionje mchuzi kwa mwiko na kuurudisha mwiko ule ule. Akasema chakula kilicholala kisipashwe moto na kuitwa kipya. Hapo Haji alimtazama Mwinyijuma, na Mwinyijuma akatazama mawingu. Na sheria kubwa kuliko zote aliisema akiwa amesimama juu ya kinu:

"Haingii mtu jikoni bila kunawa mikono kwa sabuni! Anawe huku akihesabu mpaka mia moja. Asiruke hata moja. Awe mtumwa, awe Sultani!"

Na ajabu ya dunia ni kwamba kila alilolisema lilikuwa kweli. Alilisikia kwa daktari wa meli, akiwa anamfulia suruali. Ukweli ni chambo kizuri. Samaki hajali nani ameutia kwenye ndoana. Mwinyijuma, mtu wa miaka hamsini na mitano, alikuwa akitikisa kichwa kwa mambo ambayo mama wa Ngamiani humfundisha mtoto kabla hajaota meno.

Kisha akatoa chombo chake cha kuonea vijidudu. Kilikuwa tochi iliyotolewa betri, mbele imetiwa kitako cha chupa. Akaisogeza kwenye sahani ya sambusa, akafumba jicho moja.

"Inna lillahi! Wanatembea. Wamebeba watoto wao."

"Tuone," akasema Asmahani.

"Jicho lisilosoma haliwaoni."

Basi sambusa zikahukumiwa. Lakini adhuhuri, Bi Semeni alipopita na karai, alimkuta Daktari kivulini anamaliza sambusa ya tano kati ya zile zile. Alirudi jikoni akamwambia Asmahani kwa sauti iliyofika mpaka uani: "Ama vijidudu vina ladha nzuri, ama yule bwana na wao ni ndugu."

Idarusi alisikia, akacheka moyoni. Wanawake wa jikoni! Alikuwa amezunguka pwani yote na hakupata kuoa, wala kukaa jikoni zaidi ya muda wa kuiba andazi, na alijiona anawajua kama anavyoijua saa yake.

Siku ya pili aligawa vyeti, ili kuwalegeza. Vilikuwa vizuri, karatasi nene, na kila kimoja alikigonga muhuri wa wino wa zambarau, puu! Muhuri wenyewe aliuokota Pangani nyuma ya ghala la nazi kavu. Asmahani, aliyekuwa amesoma mpaka darasa la nne, alikishika chake karibu na pua, midomo ikimchezacheza.

"Daktari, hapa kwenye muhuri pameandikwa nini?"

"Kilatini, binti."

"Ahaa," akasema Asmahani. Akamtazama Bi Semeni. Bi Semeni akafunika mdomo kwa kanga, na Idarusi akadhani ni chafya, akamsifu mbele ya wote kwa kufuata masomo.

Siku ya tatu ikawa ndiyo siku yenyewe. Idarusi aliinuka mapema, akajipaka mafuta ya nazi, akaingia darasani na uso wa msiba.

"Leo tunamkabili adui mkubwa." Akamwelekezea Bi Semeni fimbo kwenye mkono. "Vyombo vya mwilini! Bangili, pete, mikufu! Chini ya bangili hizi, mama, wamekaa vijidudu elfu arobaini."

"Elfu arobaini!" akashangaa Bi Semeni. "Na kodi ya nyumba hawanipi."

"Mama, si mzaha. Mabwana wa mkonge wataangalia mikono. Vyombo vyote vitiwe kwenye dawa, vilale humo usiku na mchana, kesho alasiri vitoke safi." Dawa ilikuwa siki, chumvi ya mawe na bluu ya kufulia. Aliikoroga mbele yao akiinong'onezea kama anaisomea.

Alipomaliza akamvuta Mwinyijuma faraghani. "Nikwambie siri ambayo hata Bwana Afya simwambii. Dhahabu ikilala ndani ya dawa hii, hunenepa. Tola moja huamka tola na robo."

Mwinyijuma hakuwa na dhahabu. Lakini mkewe, Bi Sabiha, alikuwa na kidani alichopewa na mama yake, kizito, chenye jiwe moja la kijani katikati. Na Bi Sabiha alikuwa amekwenda Pangani matangani, na matangani havaliwi dhahabu. Kidani kilikuwa kashani. Ufunguo wa kasha ulikuwa chini ya mto. Mwinyijuma alikwenda nyumbani mbio kama mtu aliyeshikwa na tumbo, akarudi na leso iliyofumbatwa. Akakidondosha sufuriani huku uso ameugeuzia ukutani.

Bi Semeni alikitambua kabla hakijazama. Yeye ndiye aliyemvisha Bi Sabiha kidani kile siku ya harusi yake, maana ndiye aliyekuwa somo yake, kungwi wa kumfunda. Akavua bangili zake moja moja, ngiri, ngiri, ngiri. Asmahani naye akavua. Idarusi alihesabu kwa mapigo ya moyo: kumi na tisa.

"Sasa wewe," akasema Bi Semeni.

"Mimi?"

"Hiyo saa. Unaishika asubuhi, unaishika mchana, kisha unashika sambusa zetu. Mwalimu hutangulia, mwanangu. Au vijidudu vya Mombasa vinaogopa saa?"

"Saa haiingii majini, mama. Itakufa."

"Hata! Tutaitia kwenye kikopo cha samli, mfuniko tuukaze. Mvuke wa dawa utapenya."

"Mvuke utapenya," akaitikia Asmahani kama mtu wa dini.

Haji akakunja mikono. "Ikiwa saa ya mwalimu haiingii, mimi pete yangu siivui."

Mwinyijuma akatoka jasho. Aliona mabwana mia mbili wakigeuza magari. "Daktari, nakuomba! Tia, darsa lisivunjike!"

Idarusi akashika mnyororo. Hakuwahi kuitoa saa ile kifuani, hata usiku akilala. Lakini akapiga hesabu ya wajanja: sufuria si itaondoka na mimi? Basi saa inapanda gari tu, kama abiria mwingine. Akaifungua kwa mara ya mwisho, tak! akaibusu kwa siri, ikaingia kikoponi, kikopo kikaingia sufuriani.

"Sasa tufunge," akasema, "nami nitaichukua nikailinde chumbani kwangu."

"Kufunga ni kazi yangu," akasema Bi Semeni. "Nitaziba kwa unga kama tunavyoziba biriani, mfuniko hautapumua. Lakini unga lazima uone moto kidogo ukauke." Na kabla Idarusi hajajibu, alikwisha kuitwika sufuria na kuingia nayo jikoni, Asmahani nyuma yake.

Idarusi akanyanyuka kumfuata. Mlangoni alimkuta Haji na birika, bakuli na kipande cha sabuni.

"Mikono, Daktari."

"Nipishe, nina haraka."

"Awe mtumwa, awe Sultani. Ulisema juu ya kinu."

"Haji!" akafoka Idarusi.

"Daktari," akasema Mwinyijuma kwa uchungu wa mwanafunzi bora, "sheria ni sheria. Mabwana wakisikia!"

Basi akanawa. Moja, mbili, tatu. Haji akimmwagia maji kwa taratibu ya mtu anayemtilia wudhu maiti. Ndani kukasikika mwiko ukikwangua chini ya chungu. Idarusi akaongeza kasi. Sitini na sita, sitini na saba, sitini na tisa...

"Umeruka sitini na nane," akasema Haji. "Anza upya."

Alipofika mia, kwa kweli, pasipo kuruka, Bi Semeni alikuwa anatoka na sufuria juu ya matambara, inafuka moshi, unga umekauka ukingoni kama saruji. Idarusi akaitikisa. Chapwa, chapwa, ikasema dawa. Ngiri, ngiri, zikasema bangili. Na kikopo kikagonga, go! Moyo ukarudi mahali pake. Akatoa muhuri wake, akaupiga juu ya ule unga, puu! puu! kwa mkono wake mwenyewe, asije mtu akaufungua.

"Mungu akubariki, Daktari," akasema Bi Semeni. "Umetufundisha mengi."

Alfajiri, watu wakiwa wameinama msikitini, Daktari wa Vijidudu alitoka kwa mlango wa nyuma wa nyumba alimopanga chumba, sufuria ndani ya gunia begani. Basi la kwanza la Muheza lilimkuta amekwisha kusimama kituoni. Njia nzima aliipakata ile sufuria, na kila basi liliporuka, bangili zilimwimbia. Aliona duka. Aliona nyumba ya mawe. Aliona hata mke, mnene kidogo.

Muheza alishuka sokoni, penye marundo ya machungwa, akaazima kisu kwa mchuuzi mmoja Mbondei aitwaye Manase. Unga ulikuwa mgumu. Akaukongoa vipande vipande, akafunua.

Harufu ya siki ikampiga. Ndani, bangili zilikuwa za kijani. Si kijani cha kupendeza. Kijani cha mjusi. Siki ilikuwa imezila usiku kucha ikazivua uongo wao wote.

Hapa tusimame kidogo tumhurumie, kisha tuache. Mwanamke gani wa Ngamiani atavaa dhahabu ya mahari mbele ya moshi na mafuta ya maandazi? Dhahabu hukaa kashani, hutoka kwa harusi. Za jikoni ni shaba ya sonara, husuguliwa kwa majivu na ndimu kila Ijumaa mpaka zikamdanganya jua. Kila mtoto wa Tanga aliyewahi kutumwa ndimu analijua hilo. Lakini mtu aingiaye jikoni kuiba andazi ataliona wapi?

Akapapasa chini kutafuta kidani. Hakuna. Akakamata kikopo, akakibandua kwa meno.

Kilikuwa kimejaa ukoko. Ukoko wa wali, mweusi, umeshindiliwa vizuri ili ugonge kama saa.

"Bwana," akasema Manase, akichungulia, "hicho ndicho chakula chako cha njiani? Hata mbwa wangu hupewa chenye nyama."

Idarusi akashika kifua. Mkono ulikwenda wenyewe pale mnyororo ulipokuwa, ukakuta koti la kinyozi.

Kurudi asingeweza. Aende akaseme nini? "Nimeibiwa saa niliyoiba, na walioniibia ni wale niliokuwa nawaibia"? Akajaribu kuwa daktari tena pale pale sokoni. Watu wakamtazama kifua, hawakuona mnyororo, wakamwambia, ukitaka kazi beba machungwa. Akabeba machungwa. Kwa Manase, miezi minane.

Mwezi wa tisa Manase alimtuma Tanga na magunia mawili. "Peleka barabara ya kumi na mbili, Ngamiani. Hoteli mpya." Idarusi alivuta kofia mpaka puani, akaenda.

Hoteli ya Mwinyijuma ilikuwepo, na inzi walikuwepo, na Mwinyijuma alikuwa ameketi nao peke yake. Ng'ambo ya pili ya barabara palikuwa na hoteli nyeupe ya chokaa, watu wamejaa mpaka barazani, na kibao: BI SEMENI NA BI SABIHA. Bi Sabiha mwenyewe alikuwa mlangoni, amevaa kidani chenye jiwe la kijani, anamtazama mumewe ng'ambo kwa upole kabisa. Mwinyijuma alikiona kidani kile kila siku iliyomjia, na kila siku alimeza swali lake. Ili aulize mkewe amekipata wapi, angelazimika kusema yeye alikipoteza wapi.

Idarusi akashusha magunia. Harufu ya wali wa nazi ikamvuta. Hakuwa amekula tangu jana. Akaingia, akakaa pembeni. Ukutani, ndani ya kioo, palitundikwa cheti kwa wino wa zambarau, na mteja mmoja alikuwa akimsomea mwenzake muhuri kwa sauti, wote wawili wanalia kwa kicheko: "MBATA, DARAJA LA PILI!" Na kando yake, juu ya msumari, kwa mnyororo wake, saa.

Bi Semeni akaja na upawa mkononi. Akasimama. Akamtazama chini ya ile kofia kwa muda ambao wali hupoa.

"Shikamoo, mama," akasema Idarusi, upesi.

"Marahaba, mwanangu. Huyu sasa amefundishika." Akanyoosha mkono ukutani, akaifungua saa, tak! "Saa sita na robo. Yako inasemaje?"

Idarusi akatazama saa. Akawatazama watu waliojaa, na Haji aliyesimama mlangoni mwa jikoni, na ng'ambo kule, Mwinyijuma aliyeshika rungu la kufukuzia paka.

"Sina saa, mama. Sijapata kuwa nayo."

"Pole sana," akasema Bi Semeni. "Haji! Mletee mgeni maji."

Haji akaja na birika, bakuli na kipande cha sabuni. Na Idarusi wa madafu akanyoosha mikono, akaanza kuhesabu kwa sauti. Na alipofika sitini na saba, akasema sitini na nane.